Madirisha Mawili ya Folda Moja

Saa nne asubuhi, katika ghorofa ya tatu juu ya duka la magodoro, mtayarishaji programu aliyeitwa Nukta alitaka kuona kurasa mbili za kazi yake kwa wakati mmoja. Jina hilo alibandikwa na wenzake baada ya kuhangaika kutwa nzima akisaka alama moja iliyokosekana. Alikuwa akitengeneza mfumo wa kuwapangia wauguzi zamu na likizo. Kila alipojaribu kuifungua folda ya mradi mara ya pili, programu yake ya kuandikia msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ilikataa, ikamrudisha kwenye dirisha lile lile la kwanza. Hatimaye akaiona katika menyu amri ya kurudufu dirisha, akaibonyeza.

Dirisha la pili likafunguka. Katika kiti cha pembeni alikuwa ameketi mwanamume mwenye sura ya Nukta, amevaa shati lile lile la Nukta, pamoja na kile kifungo ambacho mkewe alikishona kwa uzi usiolingana.

"Huyo aje na kikombe chake," mhasibu alisema bila kuinua macho. "Vya ofisi havitoshi."

Meneja alipita, akawatazama wote wawili, akaridhika. "Afadhali. Mmoja akienda nyumbani, mmoja anabaki. Kazi haitalala."

Nukta hakusita kuamua nani abaki. Msimbo ule aliuandika mwenyewe, na sehemu ya likizo hakumruhusu mtu yeyote kuigusa. Akampa mwenzake kompyuta ya mkononi na funguo za nyumba.

Tangu hapo Nukta alikuwa akilala kwenye kochi la mapokezi. Folda ilikuwa moja, hivyo alichokiandika yule wa nyumbani kilijitokeza papo hapo ofisini. Katikati ya msimbo, mwenzake huyo alizoea kuacha maelezo, yaani mistari ambayo mashine huiruka na binadamu huisoma. *Mtoto amesimama bila kushikwa. Bomba la jikoni nimelitengeneza. Leo mke wetu amecheka mpaka sindano ikamponyoka.*

Nukta aliyafuta yote. Mstari wa sindano aliurudisha, akausoma tena, kisha akaufuta upya. Alijaribu kukisia ni mzaha gani uliomchekesha mkewe kiasi hicho. Mizaha yote aliyokuwa nayo yule ilikuwa ya Nukta mwenyewe.

Jioni moja, jua likingali juu ya mapaa, akaenda nyumbani. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akishona ukosi karibu na mlango. Yule wa pili alikuwa chini kwenye mkeka, mtoto amempanda mabegani.

"Karibu, shemeji," mkewe akasema.

"Shemeji? Mimi ndiye mumeo."

"Najua." Akakata uzi kwa meno. "Na huyu pia. Tofauti ni kwamba huyu anajua sabuni inakaa wapi."

"Ipo dirishani, karibu na bomba."

"Hiyo ni habari ya zamani. Bomba lilipovuja tuliihamisha."

Mtoto alimtazama mgeni, kisha akaficha uso katika shingo ya yule wa pili. Nukta aliitazama shingo ile. Ilikuwa na kovu lile lile ambalo kinyozi alimwachia yeye.

"Keti, ndugu, tule," yule wa pili akasema.

"Usiniite ndugu."

"Sasa nikuiteje? Jina tunalo moja, na nikikuita kwa hilo nitaitika mwenyewe."

Mkewe akacheka. Safari hii hakuna sindano iliyoponyoka, na jambo hilo lilimfariji Nukta kidogo.

"Tubadilishane," akasema. "Wewe rudi ofisini, mimi nibaki."

"Ningekubali. Lakini wauguzi wanadai likizo zao, na sehemu hiyo hukuniachia hata niiguse. Nikienda mimi, meneja atakuita wewe kabla hujavua viatu."

Mkewe alinyoosha ukosi juu ya goti. "Mfungie chakula, asiondoke na njaa," akamwambia yule wa pili.

Nukta akarudi ofisini na bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Hakulifungua. Alikaa mezani, akasogeza kishale hadi kwenye alama ya kufungia dirisha la pili. Kabla ya kubonyeza, akakagua kama kuna kitu kingepotea, kama alivyozoea. Katika dirisha lile kila kitu kilikuwa kimehifadhiwa. Alama ya kazi isiyohifadhiwa ilikuwa ikiwaka katika dirisha lake mwenyewe. Akakiondoa kishale.

Meneja alichungulia mlangoni akiwa ameshavaa koti. "Upo? Vizuri. Kesho fungua na dirisha la tatu."

"Sawa, bosi."

Mstari mpya ukajiandika mbele yake: *Sabuni siku hizi iko juu ya kabati la vyombo. Ukija tena, usipige hodi.*

Nukta aliusoma. Safari hii hakuufuta. Akashuka mstari mmoja chini yake, akaendelea kuwapangia watu wengine likizo.