Oili Iliyomwagika Jumamosi

Fundi cherehani alisimama mbele ya boneti iliyo wazi akitazama oili ikichuruzika juu ya injini ya gari la marehemu mumewe. Kosa lilikuwa lake, hakuwa na wa kumsingizia. Faneli aliitafuta asiione, akasema potelea mbali, akakunja ile karatasi ngumu anayochorea mitindo ya nguo, akamiminia oili humo. Karatasi hiyo ilikuwa imemshikia sketi na makoti kwa miaka thelathini bila kumwangusha, basi hakuona sababu ya kuishuku. Ilipolowa ilinywea mkononi mwake, na oili ikaenda kila mahali isipotakiwa.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa sita angefika binti yake mkubwa, mwalimu wa hesabu, mtu asiyependa kuzunguka zunguka. Gari limekaa uani mwaka mzima linakula vumbi, alikuwa amesema, na mnunuzi keshapatikana. Walivutana kwenye simu wiki nzima mpaka wakafikia mapatano: Jumamosi hii mama aliwashe mwenyewe na kulitoa nje ya geti. Akiweza, gari litabaki. Akishindwa, mnunuzi aitwe siku hiyo hiyo. Kuendesha si shida, mumewe alimfundisha zamani kwa uvumilivu ambao hakuwa nao kwa mambo mengine. Shida ilikuwa hiyo injini iliyooga oili, maana ikipata moto ingefuka moshi, na binti angekuwa na neno la kusema.

Alivuta kigoda, akaleta kapu la vipande vya nguo, akaanza kazi.

Jumamosi zao zote zilikuwa hivi. Mumewe alikuwa fundi wa magari wa kuaminika, mtu ambaye gerejini hakumwaga hata tone, lakini akifika nyumbani kwenye gari lake mwenyewe anageuka mzembe wa kutupwa. Alimimina oili huku anapiga soga na jirani, ikamwagika, kisha akaita dirishani kwa sauti ya kubembeleza kwamba mke wake amletee vitambaa. Naye, akiwa amekasirika, alimpa makusudi vipande vya nailoni visivyonyonya kitu. Bwana alivirudisha kimoja kimoja, akisema anataka pamba, na wote wawili wakaishia kucheka. Mwanamke akatabasamu peke yake uani. Alimtamani mtu yule, na uzembe wake wote.

Safari hii alichagua pamba tupu. Alifyonza kwanza oili iliyotuama kwenye vibonde, bila kusugua, kwa kuwa kusugua mapema ni kuitandaza. Akafunika betri, aliyokuwa ameipeleka kuchajiwa jana yake, na alternata inayozalisha umeme wa gari, kwa mifuko ya plastiki, akachovya mswaki mkuukuu kwenye maji ya sabuni ya unga, akapekecha kila kona, akisuuza kwa kitambaa kibichi badala ya kumwaga maji. Chini ya gari alimwaga maranda ya mbao yanywe matone. Kapu likaisha. Akakata mfuko wa aproni yake, nao ukaingia kazini.

Palibaki mahali pamoja: nyuma, bomba la moshi linapotokea kwenye injini, mkono wake haukupenya. Alijaribu kwa kijiti kilichoviringwa kitambaa, kikatoka cheusi kila mara. Saa sita kasoro kidogo akakata tamaa ya kutafuta usafi kamili. Akaondoa mifuko, akapima oili kwa kile kijiti cha chuma cha kupimia, ikawa sawasawa, akafunga kila kifuniko, akaketi nyuma ya usukani na kuzungusha ufunguo.

Injini ilikohoa mara mbili, ikashika. Alikuwa hajamaliza kushukuru Mungu moshi ulipoanza kupanda, mwembamba, wa kijivu, na harufu ya oili inayoungua ikatanda ua mzima. Akajua amekwisha. Na geti likalia wakati huo huo.

"Baba, umeanza tena?" binti alisema akiingia, kwa sauti ya uchokozi, huku anafunga geti.

Aligeuka taratibu, akamwona mama yake kwenye usukani.

"Ni mimi, mwanangu," mama alisema. "Nimemwaga."

Binti huyu hakulia msibani. Ndiye aliyepanga viti, akapokea wageni, akawapangia ndugu zake mahali pa kulala, na watu wakamsifu kwa ujasiri, ingawa mama hakuupenda ujasiri ule hata kidogo. Sasa aliweka mkoba chini, kwenye maranda yenye oili, akaegemea ubavu wa gari na kulia kwa sauti kama mtoto. Mama alinyoosha mkono dirishani, mchafu vile vile, akamshika kichwa.

Binti alipotulia kidogo alitoa simu, akamwambia mnunuzi asijisumbue kuja, gari haliuzwi. Mama alijifuta macho kwa kiwiko. Mapatano ni mapatano, akasema, naye atalitoa nje kama walivyokubaliana. Akaweka gia.

Binti akaushika mlango.

"Usilitoe bado, mama," alisema. "Liache lifuke kidogo."