Ndiyo Isiyo Yangu

Kiharusi kilinichukulia mkono wa kulia na maneno yote, kikaniachia moja tu: ndiyo. Heri kingeniachia "hapana", maana hilo ndilo nililokuwa na kazi nalo.

"Bibi, unasikia baridi?" muuguzi aliniuliza. Ndiyo. Nikafunikwa mablanketi matatu huku jasho likinitiririka. Hayo niliyavumilia. Kisha akaja afisa ustawi wa jamii na faili lake, akainama na kupaza sauti kana kwamba nimepooza masikio.

"Bibi, umekubali kuhamia makao ya wazee?"

Moyoni nilipiga ukelele. Kinywani ikatoka: "Ndiyo." Akaandika. Mwanangu, wa pekee niliyemzaa, akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Siku hiyo nilimchukia mchana kutwa. Nyumbani kwangu kuna cherehani yangu dirishani, na miaka arobaini ya kushona sare za watoto wa mtaa mzima.

Ikabaki wiki moja nihamishwe. Akaja mwanamke mfupi, soli za viatu zimelika upande. Hakuniinamia, alivuta kiti akakaa.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mtetezi wa wagonjwa. Sikuajiriwa na hospitali, wala sikutumwa na mwanao. Wa kukuambia lililo jema kwako wapo tele. Mimi nitasema unalotaka wewe. Unataka kwenda makao?"

"Ndiyo," nikasema, machozi yakinitoka.

Akanitazama sana. "Mama, wewe ni rubani wa ndege?"

"Ndiyo."

Akacheka. Nami nikacheka, kwa upande mmoja wa mdomo, mara ya kwanza tangu niugue.

"Basi hiyo 'ndiyo' yako haifai kutoa ushahidi."

Akaniuliza kama anaweza kufungua droo yangu ya kando ya kitanda, na safari hii akangoja jibu la macho. Akatoa vitu vilivyokuwa mfukoni mwangu siku nilipougua: futi ya kupimia, kastabini, na chaki yangu ya kuchorea vitambaa. Chaki akanitia mkono wa kushoto, daftari lake la jalada jeusi akaniwekea mapajani. "Mstari uwe ndiyo, msalaba uwe hapana," akasema. Sikuhitaji kufundishwa. Maisha yangu yote mstari mmoja ulikuwa kata hapa, na msalaba ulikuwa usiguse.

"Unataka kwenda makao?"

Nikachora msalaba mpaka chaki ikavunjika.

Alirudi mara tatu, kila mara akiyageuza maswali asije akanilisha maneno. Unataka kurudi nyumbani? Mstari. Unajua unaweza kuanguka? Mstari. Hata hivyo? Mstari.

Siku ya kikao cha kuamua kama nihamishwe, afisa alifungua faili. "Hapa imeandikwa amekubali."

"Mliuliza kinywa," mtetezi akasema. "Ulizeni mkono."

"Tuendeshe kikao kwa chaki?"

"Ulizeni tu."

Daktari wangu ndiye aliyeuliza kama nataka kwenda makao. Nikachora msalaba, mkubwa, nikauinua juu wauone wote.

Mwanangu akasimama. "Mimi nafanya kazi mbali! Akianguka bafuni atapigiwa simu nani? Si mimi?"

"Una haki ya kuogopa, kaka," mtetezi akamjibu. "Lakini hofu ni yako, nyumba ni yake."

Walibishana saa nzima. Kila waliponizungumzia kama sipo, mtetezi aligonga meza na kunigeukia mimi. Mwishowe wakakubali: msaidizi kila asubuhi, vyuma vya kushikilia bafuni, na baada ya miezi miwili niulizwe tena. Mtetezi akataka iandikwe "aulizwe kwa chaki", na hakuondoka mezani mpaka afisa alipoiandika.

Mwanangu alinisukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi ukumbini. Hapo akasema, sauti chini, "Mama, umenisamehe?"

"Ndiyo."

Uso ukamchangamka, kisha akasita. Akazunguka mbele, akachuchumaa, akaokota chaki mapajani mwangu na kunitia mkononi. Akaninyooshea mkono wa koti lake jeusi.

Nilimwacha angoje, kwa ajili ya ile pumzi aliyoishusha. Kisha nikamchorea mstari, kutoka kiwiko hadi pindo.