Mistari Iliyolala

Mimi ni Laurentine, na anayenijua anajua sina subira. Miaka kumi na moja nashika mashine ya kupima umeme wa ubongo kwenye kliniki moja ya mtaa wa Bel-Air, na sijawahi kuchukia mistari inayochorwa na mashine hiyo kama nilivyochukia ile ya Anaclet asubuhi hiyo. Yote ilikuwa imelala, bila wimbi hata moja.

Anaclet, fundi wa kuchomea vyuma mtaa wa Hewa Bora, aligongwa na motokari kule Naviundu. Siku tisa hajafungua macho, na mashine ndiyo ilikuwa inamvutia pumzi. Dokta Symphorien alikuwa ameshamwambia mama yake, Mama Benita, kwamba umeme wa ubongo usipoonekana, saa sita ya mchana mashine inazimwa. Ilikuwa saa tano na dakika tano.

"Umeona wewe mwenyewe," dokta akaniambia. "Mutoto amekwenda."

Nikamuuliza, na picha za jana je? Jana walikuwa wamempitisha kwenye IRM, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, amelala tu, ili waone damu inavyotembea ndani ya ubongo uliopumzika. Nyuma ya kichwa, kushoto na kulia, damu ilikuwa inapanda pamoja na kushuka pamoja. Dokta akasema ni mashine ya pumzi tu inayoitikisa. Hasira ikanipanda. Mashine inapuliza kila sekunde nne, na damu ile ilikuwa inachukua sekunde ishirini kupanda na kushuka! Damu haijiendei hivyo bure. Inafuata seli zinazofanya kazi, na seli zikifanya kazi zinatoa umeme. Umeme unatangulia mbio, damu inakuja nyuma polepole. Jana damu ilikuwepo, leo umeme hakuna. Basi kuna mashine moja inadanganya.

"Jana si leo," akajibu, akaangalia saa.

Ni kweli, ubongo unaweza kufa kwa usiku mmoja. Niliogopa, nasema wazi.

Nikarudi kitandani kukagua waya za kichwani moja moja. Mashine ilionyesha zote zimeshika vizuri, vizuri kupita kawaida, na mjinga mimi asubuhi nilijisifu kwa hilo. Nywele zilikuwa na unyevu. Nilidhani ni jasho. Sasa nikaingiza vidole. Unyevu ulikuwa baridi, umefika mpaka kwenye mto. Chini ya kiti cha Mama Benita, aliyekaa kando ya kitanda, kulikuwa na chupa ya plastiki, nusu tupu.

Nikamuuliza ni nini.

"Maji ya baraka," akasema. "Minamumwangia ku kichwa kila asubuhi. Leo pia, mbele ya wewe kumuwekea zile waya."

"Iko na chumvi ndani?"

"Iko. Padri anatiaka chumvi, kiisha anabariki."

Mungu wangu! Maji ya chumvi yanapitisha umeme. Yalikuwa yameziunganisha waya zote, na mashine, ambayo kazi yake ni kupima tofauti kati ya waya na waya, haikuona tofauti yoyote. Nikazing'oa. Nikaosha kichwa kwa sabuni na maji safi, nikakausha kwa taulo tatu, nikapaka dawa ya kushikisha waya upya. Dokta akaingia saa sita kasoro dakika tatu, akasimama nyuma yangu.

Nikawasha. Mistari ikaamka, mawimbi mapana, ya polepole. Nikamwambia Mama Benita amwite mwanawe. Akamwita jina, mara mbili, na mawimbi ya nyuma ya kichwa yakabadilika.

"Muache mashine ya pumzi iendelee," dokta akamwambia nesi.

Mama Benita alilia, akanishika mkono, akauliza kama ni maji ya Padri yaliyosaidia. Ulimi uliniwasha. Nilitaka kumwambia yalikuwa karibu kumuua mwanawe. Lakini nywele mbichi nilizigusa mimi pia asubuhi, na mimi ndiye mwenye diploma.

"Mama," nikasema, "kuanzia leo, mumwangie ku miguu."

Akafikiri kidogo. Akauliza kama miguu haina waya. Nikamwambia haina. Basi akafungua chupa, na mimi nikamnyanyulia shuka miguuni.