Mjomba na Siri ya Pigo la Kwanza

Wachezaji wenzake walimwita Babu, maana alikuwa na miaka thelathini na minne, na katika tenisi ya kulipwa umri huo ni wa kuulizwa wajukuu hawajambo. Alicheka nao. Mwaka huo, katika mashindano ya wanaume ya mchezaji mmoja mmoja, alifika robo fainali baada ya miaka mitano ya kutolewa mapema. Pembeni yake alikuwa Mjomba, kaka wa mama yake, kocha wake tangu ana miaka saba.

Mjomba alimjua ndani nje. Ndiye aliyegundua kasoro yake: kila akitaka kuanzisha mpira kuelekea kona ya nje, hulamba mdomo wa juu kabla ya kuurusha. Akitaka kuupeleka katikati, mdomo hutulia. Walijaribu kuiondoa tabia hiyo wakashindwa. Ilikuwa kama kumfundisha mtu asipepese macho.

"Basi tuiache," Mjomba alisema. "Tunaoijua ni mimi na wewe. Tutazikwa nayo."

Kwenye robo fainali Babu alipangiwa kijana mmoja mrefu, Twiga. Alishamshinda mara mbili, na mara zote pigo la kuanzisha ndilo lililomwokoa. Siku hiyo Twiga alicheza kama mtu aliyeuona mtihani kabla ya kuingia chumbani. Babu akipeleka mpira nje, Twiga ameshafika, raketi tayari. Akiupeleka katikati, yupo katikati anamngoja. Seti ya kwanza ikaisha sita kwa moja.

Babu alikaa kitini akajifuta jasho. Taulo lilipogusa mdomo wa juu, mkono ukasimama hapo hapo. Kumbe Twiga hakuwa akitazama mpira. Muda wote alikuwa akimtazama usoni, na Babu alidhani ni dharau tu za ujana.

Akageuka kumtafuta Mjomba jukwaani. Miaka yote Mjomba alikuwa hambandui macho. Babu akipoteza pointi, Mjomba humpigia kifua kumwambia tulia. Leo alikuwa ameinamia karatasi ya ratiba, ameishika kwa mikono miwili, anaisoma kana kwamba imeandikwa habari za msiba.

Huyu ndiye aliyembeba mgongoni alipovunjika kifundo cha mguu. Ndiye aliyesimama mahali pa baba siku ya harusi yake. Mwamuzi akaita, Babu akainuka kwa sababu hakukuwa na jingine la kufanya.

Gemu ya kwanza ya seti ya pili alilamba mdomo makusudi, kisha akapeleka mpira katikati. Twiga akarukia nje peke yake, watazamaji wakacheka. Akarudia, akapata tena. Halafu akatuliza mdomo na kuupeleka nje. Kijana akavurugwa, hakujua tena aamini nini. Seti ya pili Babu akaichukua sita kwa nne, ya tatu sita kwa tatu. Uwanja mzima ulisimama kumshangilia. Yeye hakuinua hata mkono.

Walipopeana mikono kwenye wavu, Twiga alisema kwa aibu, "Nisamehe, Babu. Nilidhani unajua kwamba mwezi ujao kocha wako anahamia kwangu."

Babu alimkuta Mjomba kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amekaa kwenye benchi.

"Tangu lini?" Babu aliuliza.

"Wiki tatu sasa. Watu wa Twiga walitaka kuona kama kazi naijua."

"Ukawapa mdomo wangu."

"Mwanangu, wewe umebakiza mwaka mmoja, ukizidi sana mwaka na nusu. Baada ya hapo mimi nifanye nini, nikae nyumbani nihesabu vigae?" Mjomba alisugua magoti. "Na sikudhani ungefika huku ukakutana naye."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomkata maini. Asubuhi ile ile, wakinywa chai, Mjomba alikuwa amemwambia hii ni wiki yake.

"Ungeniaga tu, Mjomba," alisema. "Ningekubebea begi mpaka kwake."

Jioni mama alipiga simu, ameshasikia. "Ni kaka yangu yule. Msameheane, baba."

"Nimemsamehe, Mama. Ila kwenye kiti changu cha kocha hakai tena."

Nusu fainali alicheza kiti hicho kikiwa kitupu. Kila baada ya pointi shingo ilijigeukia yenyewe kule, naye akairudisha. Alishindwa kwa seti mbili, akasaini mipira ya watu waliomngoja, akapanda gari kurudi kwa mkewe.

Siku hizi wakikutana kwenye shughuli za ukoo, humwamkia kwa heshima zote. "Shikamoo, Mjomba." Husubiri marahaba yake, kisha huenda kukaa na wengine.