Nani Aanze Kusema

Kabla hakujapambazuka nilisikia visanduku vya vidonge vikifunguliwa kimoja kimoja, tak, tak, tak. Nikaamka haraka, maana kazi yangu katika nyumba ile ya Louisville, Marekani, ni kumtunza Nehama, na vidonge huvifungua mimi. Nilimkuta jikoni amevaa koti, akimimina dawa zake kwenye mfuko wa plastiki.

"Adolphine, naenda Buffalo kwa Intisar," alisema. "Ukikataa nitapanda basi peke yangu."

Mama wa miaka zaidi ya themanini, mapafu mabovu, anayepumzika njiani kutoka kitini hadi chooni. Nikampigia mjukuu wangu Patricia, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kazini ghalani, Jeffersontown. "Koko, bibi yangu, sijalala hata kidogo!" alilalamika. Hata hivyo alikuja na gari, na ndani alikuwa ameweka chupa ya maji ya moto kwa ajili ya miguu ya mzee.

Nehama ni Myahudi. Intisar ni Mpalestina. Kwa miaka mingi walisafiri pamoja, Louisville, Columbus, Buffalo, wakisimama mbele ya watu makanisani, misikitini, kwenye masinagogi na vyuoni, kuonyesha kwamba watu wao wanaweza kusikilizana. Nimewahi kuwapikia, walikuwa wakitaniana kama mawifi. Halafu vita vikaja. Mpwa wake Nehama aliuawa siku ile ya kwanza, kule Israeli. Intisar alikuja kumpa pole, akaondoka mapema. Baadaye bomu likaangusha nyumba ya kaka yake Intisar huko Gaza, na watoto wakiwa ndani. Tangu hapo Intisar hakupokea simu. Nehama alitaka kitu kimoja tu kabla mapafu hayajamshinda: Intisar aipokee pole yake.

Tulilala Reynoldsburg, nje ya Columbus, kwa shemeji yangu Bisimwa, Mkongo kama mimi. Alimpa Nehama kitanda chake, yeye akachukua sofa. Jikoni aliniuliza kwa sauti ya chini:

"Donc, shemeji, huyu mzee anaenda kupatanisha nani?"

"Anaenda matanga tu."

"Bon. Sisi na majirani zetu wa Uvira, kule Kongo, tuko na Kiswahili kimoja, na tulishindwa kupatana. Wao wataweza na Kiingereza?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mwambie avae soksi mbili. Buffalo kule ni friji."

Kesho yake tulifika Amherst, pembeni ya Buffalo, theluji ikianguka. Intisar alifungua mlango mwenyewe. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Nehama alimtazama, akainamisha kichwa, akaingia bila neno. Nilikuwa mgeni wa mgeni, kwa hiyo nikafanya kama yeye.

Intisar alituletea kahawa chungu katika vikombe vidogo. Alipoona Nehama anatetemeka, alisogeza hita karibu na miguu yake, lakini usoni hakumtazama. Kahawa ikaisha. Nehama bado alikuwa anaangalia mikono yake.

Mwishowe Intisar akaweka sinia chini.

"Umekuja njia yote hiyo kuninyamazia?"

Nehama akainua kichwa. "Nilikuwa nakusubiri."

"Unanisubiri mimi niseme nini? Mleta barua amesema. Mwenye duka amesema. Wote walisimama pale mlangoni wakasema Mungu awarehemu. Wewe umeshindwa hata kutaja majina yao. Unaogopa nani atakusikia?"

"Kwetu mgeni hafungui kinywa katika nyumba ya msiba," alisema Nehama. "Anangoja mfiwa aanze. Ndiyo heshima yetu. Wewe ulipokuja kwangu ulianza kusema tangu mlangoni, ukasema, ukasema..."

"Na ukanigeuzia mgongo! Nilidhani umeniona muuaji."

"Mimi nilidhani huwezi kuvumilia uchungu wangu hata kidogo."

Wakatazamana. Patricia alinishika mkono. Nilijua sasa watakumbatiana, nikaanza kutafuta leso.

Intisar alicheka kicheko kikavu. "Miaka yote ile ya kushika maikrofoni. Tulizungumza mipaka, ramani, maji. Hatukuulizana hata siku moja watu wetu wanaliliwa vipi."

Nehama akataja majina. Kaka, mkewe, watoto, mmoja mmoja, bila kusoma popote. La mwisho, la mtoto mchanga, lilimshinda kulitamka. Intisar akamrekebisha taratibu, naye akalirudia mpaka likatoka sawa.

"Asante," alisema Intisar. Kisha akauliza, "Na mdogo wake mpwa wako? Bado amevaa sare ya jeshi?"

Nehama alijibu: "Bado."

"Yuko kule Gaza?"

"Yuko kule."

"Umemwambia aondoke?"

"Nimemwambia. Anasikiliza, halafu anakata simu."

"Basi tumeelewana kila kitu," alisema Intisar, "na hakuna aliyepona. Nimechoka kueleweka, Nehama. Sitasimama tena mbele ya watu na wewe. Pole yako nimeisikia. Sina pa kuiweka."

 Nikaona leso niliyoitafuta iko mkononi mwangu, nikampa Nehama.

Hata hivyo Intisar alitufungia mikate ya moto kwa safari, na mmoja akampa Patricia peke yake, kwa kuwa alikuwa amemsikia akipiga miayo. Nje ngazi zilikuwa barafu tupu. Alimshika Nehama kiunoni kwa nguvu, akamshusha hatua kwa hatua, akamketisha garini, akaingiza pindo la koti lisibanwe na mlango. Hakumbusu. Alirudi nyuma akasimama kwenye theluji, mikono kwapani.

Patricia aliwasha gari. Nehama akanigusa nimshushie kioo. Pumzi zake zilikuwa fupi, nikataka anyamaze, lakini alisema:

"Usije kwenye mazishi yangu. Maneno ya huko hayatanifaa. Njoo kabla, nikiwa bado nasikia. Intisar, njoo kwangu tena."