Kinda Aliyenukia Shampuu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa Marlies boksi na glavu. Alitoka Uholanzi kuja kisiwani kwetu Heimaey kuokoa makinda wa lundi, wale ndege wa baharini wenye midomo ya rangirangi. Kila mwisho wa Agosti makinda hutoka mashimoni usiku, wakadhani taa za mji ni mwezi unaowaongoza baharini, wakaangukia barabarani. Tunawaokota, na kukicha tunawarusha baharini kutoka jabalini. Wageni wanaipenda mno kazi hiyo, na chumba ninachowapangisha hakikai tupu, kwa hiyo sinung'uniki.

Mchana mmoja kaka yangu Oddgeir alileta nyama iliyokaushwa kwa moshi. Marlies akala, akasifu, akaongezewa.

"Nyama gani hii tamu hivi?"

"Lundi," akajibu Oddgeir, mdomo umejaa.

Marlies akaweka uma chini. Sikujua nimtetee nani.

Usiku huo aliokota kinda wake wa kwanza, na asubuhi tukapanda jabalini sote watatu. Boti ya kumrudisha Marlies kwao ilikuwa karibu kuondoka. Alipomtoa kinda boksini, nikasikia harufu ya maua.

"Marlies, umemwogesha?"

"Alikuwa mchafu, maskini. Nimempaka shampuu yangu kidogo tu."

"Basi harushwi huyu! Sabuni imemtoa mafuta ya manyoya. Atalowa, azame. Anabaki kwangu mpaka manyoya yakae sawa."

"Nimetoka mbali hivi kwa ajili ya hili!"

"Hata ungetoka mwezini."

Uso ukamwiva. "Jana mmenilisha mama yake, leo mnamhurumia? Nyinyi ni watu gani?"

Tangu utotoni nawaokota na nawala, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mimi nawala, dada, sikatai," akasema Oddgeir. "Siku chache kwa mwaka, na wasio na makinda tu. Tusipowaokoa makinda, wakiisha nitakula mawe? Hebu mrudishe boksini."

Marlies akamrudisha. Chini bandarini boti ikapiga honi.

"Nikiondoka, mtamla?"

"Huyu? Hata!" nikasema.

"Na akirudi mkubwa?"

Nikamtazama Oddgeir. Oddgeir akatazama bahari.

Marlies akaketi majanini, boksi mapajani, na boti ikaenda zake bila yeye.

"Nabaki," akasema, "mpaka nimwone kwa macho yangu akiingia majini."

Nilitaka kukasirika. Nani kamwambia sisi si wa kuaminika, tena nyumbani kwetu? Lakini nikajikuta nimeketi kando yake, nikalishika boksi upande wa pili, kwa sababu hata mimi, kusema kweli, sikuwa na hakika na sisi.