Tarehe Niliyoiandika Mwenyewe

Watu wa Kibeta wananijua kwa mdomo. Ukikatiza ndani ya kibanja changu cha migomba bila kupiga hodi, nitakusema mpaka ufike kwako. Padre akichelewesha misa, mimi ndiye ninayemfuata sakristia kumuuliza kulikoni. Kwa hiyo msidhani nilinyamaza kwa sababu sijui kusema. Nilinyamaza kwa sababu nilijua vizuri sana ningesema nini.

Naitwa Alistidia. Nimebakiwa na mtoto mmoja, Damian, fundi magari kule Mwanza. Mkewe, Joanitha, anafundisha shule ya msingi Muleba. Anaondoka na basi la Jumatatu alfajiri, anarudi Ijumaa jioni. Walipojaliwa mapacha wa kiume wakaniachia mimi niwalee, nami nikafurahi kuliko wao. Wa kwanza kutoka akaitwa Ishengoma, wa pili Kato, ndivyo sisi Wahaya tunavyowaita. Na mapacha wana miiko yao. Mkubwa hutangulia katika kila jambo. Tena hawabaguliwi: ukimpa mmoja mpe na mwenzake, ukimnyima mmoja mnyime na mwenzake. Mama yangu aliniambia pacha akibaguliwa husononeka, akisononeka huondoka. Na mtoto akiondoka, waitu, ndugu zangu, hatumaanishi kwamba ameenda Mwanza.

Kato alizaliwa na mwili mkorofi. Yai lilimvimbisha midomo, maziwa ya ng'ombe yakamtoa mabaka mgongo mzima. Msimu wa senene, wale panzi tunaowala, ulipofika, jirani yangu Edvina alikuja na sahani ya senene wa kukaanga. Kato akanyakua mmoja, akamtia mdomoni, na kabla hatujamaliza kusalimiana macho yake yakawa yameziba kwa uvimbe.

"Ma Alistidia, huyu mjukuu mmemwokota wapi?" Edvina akasema huku akicheka. "Mhaya gani huyu anayekataliwa na senene?"

Nami nikacheka. Tulikuwa hatujui bado.

Walipotimiza miezi tisa tukawapeleka zahanati kwa chanjo ya surua, mimi na Joanitha, maana shule zilikuwa zimefungwa. Ishengoma alikuwa amesinzia begani kwangu. Nesi, binti mmoja mchangamfu aitwaye Consolata, akasema tuanze na huyu aliye macho.

"Huyo ni mdogo," nikamwambia. "Anaanza mkubwa."

"Bibi, sindano haijui mkubwa wala mdogo."

Nikamtazama Joanitha aniunge mkono. Akasema, "Mama, ni sindano tu." Kato akachomwa.

Hazikupita dakika tano. Mtoto alikohoa, akajikuna shingo, midomo ikavimba, ngozi ikabadilika rangi, na kila akivuta pumzi ikawa inapiga mluzi. Joanitha alipiga kelele. Consolata hakupiga kelele, alikimbia akaja na sindano nyingine, akamchoma pajani, kisha akambeba mwenyewe hadi kwenye gari la kutupeleka hospitali mjini. Nampa haki yake, alimwokoa. Lakini ndani ya gari lile mimi nilikuwa nimeshatoa hukumu yangu: mtoto amepitishwa mbele ya kaka yake, na haya ndiyo malipo.

Daktari wa mjini alitukalisha akatueleza taratibu. Kato ana mzio mkali. Katika ile dawa kuna kitu ambacho mwili wake unakipiga vita mpaka unajiumiza wenyewe. Asichanjwe tena chanjo ya surua.

"Dozi hii moja huenda ikamkinga, huenda isimkinge, siwezi kuwaahidi," akasema. "Kinga yake sasa ni ninyi mnaokaa naye. Wa kwanza ni huyu pacha wake, maana wanalala kitanda kimoja. Huyu hana shida ya mzio, naye hajachomwa bado. Achanjwe haraka, dozi zote mbili. Akichanjwa huyu, mmemkinga na yule."

Joanitha akaitikia. Mimi pia niliitikia. Nilisikia kila neno.

Shule zikafunguliwa. Joanitha aliniachia kadi za watoto akasema, "Mama, Alhamisi mpeleke Ishengoma. Tafadhali usisahau."

Sikusahau. Alhamisi nilimwogesha mtoto, nikambeba mgongoni, nikakaa kwenye benchi la zahanati pamoja na wenzangu. Nikawa nawaza: hiki kitu Kato amekatazwa. Nikimpa Ishengoma peke yake, nimewatenganisha kwa mkono wangu mwenyewe. Na kama wa tumbo moja amevimba vile, huyu naye atabaki salama kwa lipi? Hofu ilikuwepo, siikatai. Lakini nisijifiche nyuma ya hofu. Nilikuwa na hasira pia. Yule nesi na mkwe wangu walinipuuza mbele za watu, kisha daktari naye akaongea kana kwamba sisi wazee hatuna tunachokijua. Walipobaki watu wawili kabla ya zamu yetu, nikainuka nikaenda zangu nyumbani.

Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu ni mzuri; barua za kigango cha kanisa letu nimeziandika mimi miaka kumi na miwili. Nikachukua kalamu ya bluu, nikafungua kadi ya Ishengoma, nikaandika tarehe ya Alhamisi ile kwenye mstari wa surua. Nilitazama Consolata alivyoandika namba saba kwenye mistari ya juu, nikaiandika vilevile.

Ijumaa Joanitha akaniuliza, "Alilia?"

"Kidogo tu."

Akanishukuru, akatoa kitenge alichoninunulia sokoni Muleba. Nilikishona gauni nikalivaa kanisani. Walipofikisha mwaka mmoja na nusu ikaja dozi ya pili, nikaandika tena, kwa kalamu ileile.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda zaidi ya mwaka. Watoto wakatimiza miaka miwili, wakawa wanakimbizana migombani, wananivunjia vyungu, nawafokea, wanacheka. Kato tulimlinda kwa chakula. Hakuna yai ndani ya nyumba, na msimu wa senene namfungia ndani mpaka Edvina amalize kukaanga. Majirani walinisifu kwa uangalifu wangu. Nami nilizipokea hizo sifa.

Kisha gari la matangazo likapita, kutoka kata ya Bakoba hadi huku kwetu, linasema surua imeingia, leteni watoto. Wiki ileile Ishengoma akashikwa na homa, mafua, macho mekundu. Siku ya nne vipele vikatokeza nyuma ya masikio, vikashuka usoni mpaka kifuani. Jamani, mimi nilimzika binti yangu wa kwanza kwa surua kabla Damian hajazaliwa. Hakuna aliyehitaji kunifundisha nilichokuwa nakitazama.

Joanitha alirudi Ijumaa, na Jumamosi asubuhi tukaenda zahanati. Consolata alimkagua mtoto, akafungua kadi, akakunja uso.

"Ningesema surua. Lakini huyu amechanjwa zote mbili." Akanigeukia. "Bibi, wewe ndiye unayekaa naye. Amekula kitu chochote kigeni?"

Hapo ndipo. Kama kuna mahali ambapo Mungu alinifungulia mlango kabisa, ni hapo, kwenye kile chumba chenye mizani na picha ya mama anayenyonyesha. Joanitha alikuwa ananitazama, amechoka na safari, ananiamini.

"Alikula senene kwa Edvina," nikasema.

"Basi huenda naye ana mzio kama mwenzake." Akatupa dawa ya kupunguza muwasho, akasema homa isiposhuka tumrudishe.

Njiani Joanitha alishusha pumzi. "Afadhali mzio, Mama. Mzio tumeshauzoea."

Nikajaribu kuwatenganisha kwa hila. Nikamchukua Kato alale chumbani kwangu. Akalia anamtaka mwenzake, Ishengoma naye akalia huko aliko, na Joanitha akauliza kwa nini nawatesa watoto. Ningemjibu nini? Nikamrudisha Kato kitandani kwao.

Ishengoma alipona upesi. Siku ya kumi na moja Kato akaanza kukohoa.

Sitasimulia yote. Ilishuka kwenye mapafu, masikio yakatoa usaha, tukalazwa hospitali mjini, mtoto amewekewa mpira wa oksijeni puani. Daktari akasema hii ni surua bila shaka, akauliza kuhusu yule mwingine. Joanitha akampa kadi ya Ishengoma kwa mikono miwili.

"Kama huyu amechanjwa, basi pengine imetoka kwingine," daktari akasema. "Mama unafanya kazi wapi?"

Akasema anafundisha. Nikaona uso wake unabadilika. Darasani kwake Muleba watoto watatu walikuwa hawajafika wiki nzima, wana vipele. Daktari alimwambia kwamba maadamu yeye Joanitha hajaugua, si rahisi awe ameileta nyumbani kwa nguo, lakini alikuwa hasikii tena. Akatoka nje ya wodi akaenda bombani kunawa mikono, akanawa na kunawa tena.

Damian alifika kutoka Mwanza kesho yake. Alipoambiwa habari ya shule akamshukia mkewe pale pale kwenye korido.

"Nilikuambia uache hiyo kazi! Chaki ndiyo imekuwa bora kuliko mwanangu?"

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwao. Watu wazima waliokuwa wakiuguza wagonjwa wao wakanitazama mimi, mama mtu, niseme neno la kumtuliza kijana wangu. Mimi ninayemsema padre. Sikusema kitu.

Damian alipotoka, Joanitha akaja mbele yangu akapiga magoti juu ya saruji, jinsi mkwe wa Kihaya anavyomsalimu mama mkwe, lakini hakuwa anasalimu.

"Mama, nisamehe. Nimekuletea ugonjwa nyumbani kwako."

Nikaweka mkono kichwani pake. Nikamwambia, "Nimekusamehe, mwanangu."

Nilimsamehe! Yesu na Maria, nilimsamehe, na akaubusu mkono wangu.

Kato hakufa. Tulikaa wodini wiki tatu tukarudi Kibeta, majirani wakaja na ndizi na maharage, Edvina akaimba. Lakini mtoto alikuwa akiitwa haitiki. Nilisema ni udhaifu. Siku moja nikaja nyuma yao nikagonga sufuria kwa mwiko. Ishengoma aliruka. Kato aliendelea kupanga vijiti vyake chini. Daktari akathibitisha: sikio la kushoto limekwenda, la kulia linasikia kidogo sana.

Baada ya hapo Joanitha alikonda mpaka nguo zikamshinda. Jumapili moja tumetoka misa, tumekaa jikoni tunamenya ndizi, akaniambia ameandika barua ya kuacha kazi.

"Kesho naipeleka Muleba. Damian amekubali."

"Kazi umeisomea miaka yote hiyo, Mwalimu."

"Nitakaa na wanangu. Mimi ndiye niliyemfanya Kato hivi, Mama. Acha nilipe adhabu yangu."

Mimi nilikuwa nimejiahidi kwenda na siri ile kaburini. Nilikuwa nimeshaizoea, naamka nayo, nalala nayo. Lakini kumtazama mwanamke mzima amekaa mbele yako anamenya ndizi za chakula chako, anabeba adhabu yako kwa adabu, hilo lilinishinda. Nikaweka kisu chini.

"Usiipeleke hiyo barua," nikasema. "Si wewe."

Nikamwambia. Benchi la zahanati, kalamu ya bluu, Alhamisi ile na ile nyingine. Nikamwambia habari ya mapacha kutobaguliwa, nikasikia mwenyewe ilivyo nyepesi ikisemwa jikoni mchana. Nikamwambia na hasira zangu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akainuka, akaenda ndani akarudi na kadi, akaitazama muda mrefu ile namba saba.

"Na senene?" akauliza.

"Hakula senene."

Akakaa tena. Nje Ishengoma alikuwa anamwita mwenzake, "Kato! Kato!", kisha akachoka kuita, tukamsikia anakimbia kwenda kumshika mkono. Nilisubiri anitukane. Nilisubiri anipige hata kofi, nisingejikinga.

"Kule hospitali," akasema, na safari hii hakuniita Mama, "kila nilipofumbua macho nilikukuta umeshika rozari, midomo inatembea. Asubuhi, mchana, hata chai ulikuwa hunywi. Nikawa namwambia Damian, nilaumu mimi utakavyo, lakini angalau tuna mtu anayemwombea Kato." Akaikunja kadi. "Ulikuwa unaomba nini?"

Ningeweza kumdanganya. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema, "Nilikuwa namwombea mtoto."

"Nilikuwa naomba usijue," nikamwambia.